Uzoefu wangu: kijiwe cha laurionaiti kilichotoka Ugiriki mpaka Chunya

Nimekaa na kijiwe hiki cha laurionaiti, madini ya risasi yaliyoota kama sindano za kioo, miezi minne sasa, kwa hiyo naweza kukisemea bila papara. Nilikiagiza mtandaoni kwa muuzaji wa sampuli za madini aliyeko Ulaya. Kilifika Mbeya baada ya wiki tano, ndani ya kiboksi cha plastiki kinachoenea kiganjani. Kimenigharimu kama laki moja na elfu ishirini, na zaidi ya nusu ya hela hiyo ni usafirishaji. Muuzaji nampa nyota nne kati ya tano. Kijiwe chenyewe kina nyota zote.

Nifafanue kwa nini mtu wa Chunya anunue jiwe, wakati mawe tunayo mpaka mlangoni. Nafanya kazi kwenye maabara ya kupima dhahabu. Wachimbaji wanaleta jiwe lililosagwa, nasi tunalichanganya na flaksi, mchanganyiko wa kusaidia jiwe liyeyuke, yaani oksidi ya risasi, magadi, boraksi na unga kidogo wa ngano, kisha tunaliingiza tanurini kwenye joto la nyuzi kama 1000. Unga wa ngano ukiungua unaipokonya ile oksidi hewa yake, risasi inarudi kuwa metali, inashuka chini matone kwa matone huku ikibeba dhahabu. Tukimimina, chini panakaa kitufe cha risasi na juu panaganda kioo cheusi. Kioo hicho ndicho slagi. Tunakigonga kwa nyundo kinapasuka, tunakitupia kwenye pipa, tunaendelea na kitufe. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mfipa, na mashambani kwao bado kuna mabaki kama hayo yaliyoachwa na malungu, zile tanuri ndefu za udongo za wafua chuma. Wao huyaita mavi ya chuma. Utotoni niliyaokota nikijua ni kitu kilichokwisha, hakina maisha tena.

Laurionaiti ndiyo iliyonionyesha kuwa nilikosea.

Laurion ni sehemu ya kusini-mashariki mwa Athens, ukingoni kabisa mwa bahari. Wagiriki wa kale walichimba pale galena, madini ya risasi na salfa, yenye fedha ndani yake. Mwaka 483 KK mapato ya mshipa mmoja tajiri yalitengenezewa merikebu za vita kwa ushawishi wa Themistocles, kiongozi wa Athens, na merikebu hizo zikapigana na Waajemi huko Salamis mwaka 480 KK. Ukisoma walivyofanya kazi utadhani wanaelezea maabara yetu: waliyeyusha galena wakapata risasi, wakaichoma risasi mpaka ikageuka oksidi, fedha ikabaki peke yake. Slagi wakaitupa, na nyingine ikaishia baharini.

Ikakaa humo zaidi ya miaka 2000. Slagi imejaa matundu, kama andazi lililoumuka vizuri, na maji ya bahari yalipenya kwenye matundu hayo yakaikuta risasi ambayo tanuri haikuimaliza. Chumvi ya bahari ina klorini. Risasi ikashikana na klorini na kundi la haidroksidi (oksijeni na haidrojeni), kila kimoja kwa idadi sawa, na ndani ya tundu ikaota fuwele. Wataalamu waliieleza mara ya kwanza mwaka 1887 wakaipa jina la mahali pake. Kwa uzito, karibu asilimia 80 ya laurionaiti ni risasi tupu.

Nilipofungua kiboksi, sikufurahi. Niliona kipande cheusi cha slagi kisichozidi ukucha wa dole gumba, kimegundishwa chini, kina matundu manne au matano. Basi. Picha ya tangazo ilionyesha msitu wa sindano za kioo zimejaa fremu nzima, na hapakuwa na rula wala namba ya kipimo pembeni. Muuzaji alipiga kwa darubini bila kusema. Hapo ndipo nyota moja ilipoondoka. Sisemi alidanganya, maana sindano zipo kweli, lakini mtu asiye na lensi atafungua boksi lile na kuamini ameibiwa. Ukiona tangazo la namna hii, muulize kwanza fuwele ina milimita ngapi. Zangu, ndefu kuliko zote, ina milimita mbili.

Nikatoa lensi ya mkononi ya mara kumi, ile tunayotumia kutafuta vipunje vya dhahabu kwenye jiwe, nikasogea dirishani saa kumi jioni jua likiwa linaingia kwa ubavu. Tundu la kwanza halikuwa na kitu. La pili likawaka. Fuwele kama kumi, angavu kabisa, bapa kidogo, zimelala kwa kukingamana kutoka ukuta mmoja wa tundu hadi mwingine. Kila moja ina mistari myembamba inayokwenda kwa urefu wake, na ncha yake imekatwa kwa mshazari kama patasi. Ukigeuza boksi polepole, mwanga unapita kwenye fuwele moja, unazimika, unaruka kwenye nyingine. Mng'ao huo si wa kioo cha chupa. Risasi ina nguvu ya kuupinda mwanga: kipimo cha kupinda cha kioo cha kawaida ni kama 1.5, cha laurionaiti kinapita 2, na almasi ni 2.42. Mke wangu aliyekuja kuniita chakula alishika lensi akakaa nayo mpaka wali ukapoa.

Kosa jingine ni pamba. Muuzaji aliweka pamba juu ya kijiwe ili kisitikisike, na nyuzi zake zikanasa kwenye sindano. Laurionaiti ina ugumu wa 3 hadi 3.5 tu kwenye kipimo ambacho almasi ni 10, kisu kinaikwaruza bila shida, na nyembamba hivi haihimili mvuto. Nilitoa nyuzi kwa ncha ya mwiba, mbili tatu kila jioni, na bado sindano moja ilivunjika ikadondoka. Nimeihifadhi kwenye karatasi. Jiwe lilishagundishwa chini, halikuhitaji pamba hata kidogo.

Kuhusu lebo, ilikuja imeandikwa "Laurion, Ugiriki" na basi. Hiyo haitoshi, kwa sababu slagi ilitupwa sehemu nyingi za pwani ile na kila sehemu ina mchanganyiko wake wa madini. Nilimwandikia, akajibu baada ya siku tisa kwamba ni Thorikos, akaniambatishia picha ya lebo ya mkusanyaji aliyekuwa na kijiwe kabla yake. Kwa hilo namshukuru kwa dhati. Kijiwe kisicho na mahali ni kijiwe tu, na alikubali kusumbuka kwa ajili ya mteja wa hela ndogo.

Pia nilimuuliza kama zote ni laurionaiti. Kuna ndugu yake anaitwa paralaurionaiti, mwenye viungo vilevile kwa kiasi kilekile, ila atomu zimepangwa kwa namna nyingine. Ya kwanza inakatika ukiipinda. Ya pili inapindika kwanza, jambo la ajabu kwa kitu kinachofanana na kioo. Matundu hayohayo ya slagi yanazaa pia penfildaiti na fidleraiti, nazo ni jamaa wa risasi na klorini. Muuzaji alisema wazi kuwa ametambua kwa umbo tu, hakupima kwa eksirei. Jibu hilo nalithamini kuliko uhakika wa uongo. Ile sindano iliyovunjika ilikatika kavu, bila kupinda.

Mzee mmoja mchimbaji kutoka Makongolosi alipita maabara kuchukua majibu yake, akakiona kiboksi mezani. Nilimwamkia, nikampa lensi. Alitazama sana, kisha akasema, "Mwanangu, hii si chumvi?"

"Ni chumvi kweli, mzee. Chumvi ya risasi."

"Na marudio yetu haya, yakikaa miaka yote hiyo, yatazaa?"

Marudio ni mabaki ya mawe yaliyokwisha kutolewa dhahabu. Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kuhusu kijiwe hiki. Nilimweleza kwamba galena huonekana kwenye mawe ya dhahabu ya Lupa, eneo letu la machimbo, kwa hiyo risasi si mgeni kwetu, lakini laurionaiti inataka mambo mawili yakutane: risasi iliyoachwa wazi na chumvi nyingi. Sisi bahari iko mbali, Dar ni zaidi ya kilometa 800 kwa barabara. Nikamwambia pia kuwa hata kule Ugiriki marudio yalirudiwa: katika miaka ya 1860 slagi ya kale ya Laurion ilirudishwa tanurini kwa ajili ya risasi na fedha iliyobaki. Mzee alicheka kwa furaha akapiga meza, maana yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuuza marudio ya babu yake kwa mtu wa plenti, yaani mtambo wa kuchenjua dhahabu.

Akaniuliza na kuhusu Rungwe, kwa kuwa alisikia madini ya namna hii hutoka kwenye volkano. Hiyo ni kotunaiti, nikamwambia, risasi na klorini bila kitu kingine. Ilielezwa mwaka 1825 kutoka Vesuvius, volkano ya Italia, na kupewa jina la tabibu Domenico Cotugno. Inaganda kutokana na gesi za moto mdomoni mwa volkano iliyo hai, ni laini mpaka ukucha unaikwaruza, na maji ya moto yanaiyeyusha zaidi ya maji baridi. Rungwe imelala. Matlokaiti ya Matlock, Uingereza, yenye floridi na klorini pamoja, ndiyo ninayoitamani sasa, ila bei zake bado ziko juu yangu.

Kuna hoja moja inayonigusa. Leo ukipata kitu kipya kilichoota kwenye taka za binadamu, wataalamu wa majina ya madini hawakipokei kama madini. Laurionaiti ilipokelewa kabla ya utaratibu huo, na baadaye ilipatikana pia Cornwall, Uingereza, kwenye miamba ya pwani ambako hakuna tanuri lililohusika. Naona ilistahili. Binadamu alitupa slagi, lakini sindano hakuzitengeneza yeye.

Kwa atakayenunua: ni risasi, kwa hiyo usiiguse kwa vidole ukala, usiisage, usiipulizie kwa mdomo ili kutoa vumbi, na watoto wasiifungue. Mimi kiboksi kinakaa kabatini kazini, na nanawa mikono kila nikikitoa. Usikioshe kwa maji wala asidi ukitaka king'ae.

Kwenye kabati hilohilo, nyuma ya kiboksi, kuna chupa niliyoiweka mwezi wa tatu kwa ruhusa ya mkuu wa maabara. Ndani yake kuna vipande vya slagi yetu vyenye matundu, vimezama kwenye maji ya chumvi ya bahari niliyoiagiza Bagamoyo, na nje nimeandika tarehe na neno SUMU kwa wino mwekundu. Kila Ijumaa naitazama kwa lensi. Hadi sasa nimeona utando mweupe tu kwenye kingo za matundu mawili, na sindano bado.