Mafundi wa sakafu za mbao kutoka Mabatini: tathmini ya kazi waliyoifanya Isamilo

Katika nyumba za zamani za Isamilo, Bwiru na Capri Point bado zipo sakafu za mbao zilizotandikwa juu ya boriti, na wenye nyumba wengi siku hizi huamua kuzing'oa, kumwaga zege na kupanga marumaru. Familia yetu ilikuwa imekaribia kufanya hivyohivyo katika nyumba yetu ya Isamilo, hadi karakana moja ya useremala iliyoko Mabatini ilipokubali kuja kuikagua sakafu kabla ya kutaja bei yoyote. Naieleza kazi yao hapa kwa kuwa ni huduma ambayo wengi mjini Mwanza wanaihitaji bila kujua kwamba inapatikana, na kwa kuwa inao upungufu ambao mteja hana budi kuusimamia mwenyewe.

Ukaguzi ndio ulionishawishi. Fundi mkuu, mzee wa maneno machache, aling'oa ubao mmoja karibu na mlango na kutuonyesha ubavu wake. Mbao za namna hii huungana kwa ulimi unaoingia katika mfereji wa ubao wa jirani, na sehemu inayoweza kupigwa msasa ni ile iliyo juu ya ulimi peke yake, kwani msasa ukiufikia ulimi kingo za ubao huanza kumeguka na misumari iliyofichwa hujitokeza. Aliweka rula, akasoma milimita 6, kisha akamgeukia mama yangu: "Mama, safari hii hatutakula hata milimita moja. Wajukuu zako nao watakuja kuipiga msasa sakafu hii." Baada ya hapo aliingia chini ya nyumba, ambako mwinuko wa mawe umeacha nafasi ya mtu kutambaa, akazichoma boriti kwa bisibisi moja baada ya nyingine akitafuta mchwa. Alipotoka alisema boriti ni nzima, ila matundu ya hewa kwenye msingi yamezibwa na udongo, na kwamba hataanza kazi kabla hayajazibuliwa, maana unyevu unaokaa chini ya mbao hupinda hata mbao nzuri.

Mbao zenyewe ni za mvule, na hapo ndipo hoja ya kuzing'oa inapoporomoka. Mvule huvunwa kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, bei yake ni ya juu, na hata ukiupata, mara nyingi ni mbichi, kwa hiyo utanywea ukiwa tayari sakafuni na kuacha nyufa. Marumaru nayo haiwezi kupangwa moja kwa moja juu ya mbao zinazonesanesa, kwa sababu itapasuka. Ni lazima boriti ziondolewe, kifusi kijazwe, zege limwagwe. Anayelinganisha bei ya msasa na bei ya boksi la marumaru peke yake anajidanganya katika hesabu.

Kazi ilianza kwa misumari. Kila kichwa cha msumari kilizamishwa kwa nyundo na kipande cha chuma, kwa kuwa msumari mmoja uliochomoza huchana karatasi nzima ya msasa. Kisha iliondolewa polishi nyekundu iliyokuwa imepakwa miaka na miaka, kwa tapentaini na vitambaa, maana nta ikibaki ndani ya vinyweleo vya mbao, vanishi haishiki. Hatua hii inachosha na haina mvuto, na nimewahi kuona mafundi wengine mjini wakiiruka. Hawa hawakuiruka.

Mashine kubwa yenye roli ilipita na msasa namba 40, ikafuata namba 80, kisha namba 120, kila mara kwa kufuata nyuzi za ubao. Kijana aliyeishika hakuiacha isimame mahali pamoja hata kidogo. Aliinua roli kabla ya kugeuza, kwa sababu mashine ikitulia inachimba bonde ambalo jua la asubuhi litalionyesha daima. Chini ya ile rangi nyekundu iliyochoka mvule ulitokea wa manjano, na baada ya wiki kadhaa za mwanga ukawa umeiva na kuwa kahawia. Nyufa pana zilizibwa kwa vipande vyembamba vya mvule na gundi. Zile nyembamba waliziacha wazi kwa makusudi, kwa kuwa mbao zilizo karibu na ziwa hutanuka wakati wa mvua, na kizibio kigumu kingesukumwa nje. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi.

Kwenye vanishi ndipo walipoonyesha ujuzi hasa. Mvule una mafuta yake ya asili ambayo huchelewesha baadhi ya vanishi kukauka, kwa hiyo walijaribu kwanza kipande kidogo chini ya kabati. Kesho yake kidole kiliganda pale. Badala ya kuongeza mkono wa pili na kutumaini heri, waliifuta sakafu yote kwa thina, wakapaka shelaki kama tabaka la kuzuia mafuta, ndipo wakapiga vanishi mikono mitatu huku wakiikwaruza kidogo kati ya mkono na mkono. Jioni madirisha yalifungwa na taa kuzimwa mapema, kwa sababu wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi hufuata mwanga, na kila mmoja anayetua juu ya vanishi mbichi hubaki humo.

Yapo mambo mawili ambayo hayakuniridhisha. La kwanza ni kingo za vyumba: mashine ndogo ya mviringo inayotumika kandokando ya ukuta iliacha alama za duara, ambazo hazikuonekana hadi mkono wa kwanza wa vanishi ulipokauka. La pili, ambalo kwangu ni zito zaidi, ni kwamba vijana walianza kazi bila barakoa. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, na haifai mteja ndiye awe wa kuuliza barakoa ziko wapi. Tulipouliza zilikuja, lakini zilipaswa kuwa zimefika pamoja na mashine.

Pamoja na hayo, ningewaita tena, na ningemshauri yeyote mwenye sakafu ya mvule, mninga au mkongo awaite kabla hajaagiza marumaru. Kazi hii ipangwe kati ya Juni na Agosti, wakati hewa ni kavu na vanishi inakauka bila taabu. Makubaliano yaandikwe, na ndani yake zitajwe kingo na kona, barakoa, pamoja na idadi ya mikono ya vanishi. Sisi tulizuia sehemu ya mwisho ya malipo hadi kingo ziliporudiwa kwa msasa wa mkono. Walizirudia bila kunung'unika, na zile alama zimekwisha.