Paka Anayewinda Ndege: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Ukiache Dukani

Paka anayeruhusiwa kutoka nje huwinda hata akiwa ameshiba, na kumgombeza baada ya kumkuta na ndege mdomoni hakumfundishi lolote. Madhara yake si madogo: nchini Marekani, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa paka huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka, na ingawa wengi wa wawindaji hao ni paka wasio na mwenyewe, wale wanaofugwa nao wamo. Vifaa vinavyouzwa kwa ajili ya tatizo hili ni vingi, lakini vilivyo na manufaa hufanya moja kati ya mambo matatu: humtenga paka na ndege, humwonya ndege kabla paka hajaruka, au humpunguzia paka hamu ya kuwinda. Nimevipanga hapa kwa kuzingatia nguvu ya ushahidi uliopo pamoja na ustawi wa paka mwenyewe.

Nafasi ya kwanza ni ya banda la wavu linaloungana na dirisha au mlango wa nyumba, ambamo paka huota jua, hupanda na kuchungulia nje bila kumfikia ndege yeyote. Wakati wa kununua, hakikisha kwamba lina paa, kwamba matundu ya wavu hayapitishi kichwa cha paka, na kwamba ndani mna ubao wa kukalia ulio juu, kwa maana paka hupenda kutazama mambo akiwa juu. Banda hilo humkinga pia dhidi ya magari na ugomvi wa paka wengine. Kikwazo ni gharama na nafasi, na si kila mwenye paka anavyo vyote viwili.

Kwa paka atakayeendelea kuzurura, chaguo langu ni kola pana ya kitambaa chenye rangi kali, nyekundu, njano au ya mchanganyiko, inayovishwa juu ya kola ya kawaida. Ndege huona rangi vizuri mno kuliko sisi, hivyo huiona kola hiyo mapema na kuruka, ilhali panya, ambao hawatambui rangi kwa kiwango hicho, hawapati onyo lolote. Chuo Kikuu cha Exeter cha Uingereza kilichapisha mwaka 2021 utafiti uliohusisha paka wa kufugwa mamia kadhaa, na kola za aina hii zilipunguza ndege walioletwa nyumbani kwa asilimia 42, huku idadi ya panya na wanyama wengine wadogo ikibaki vilevile. Kwa anayemfuga paka ili apambane na panya, hiyo ni habari njema kabisa.

Usinunue kola yoyote isiyo na kifungio kinachoachia chenyewe inapovutwa kwa nguvu, kwa sababu paka aliyenaswa kwenye tawi anaweza kujinyonga, au kuingiza mguu wa mbele ndani ya kola na kuumia vibaya kwapani. Baada ya kumvisha, vidole viwili vipite kati ya kola na shingo. Kola iliyolegea zaidi ya hapo ni hatari kama iliyobana.

Nafasi ya tatu ni chakula, na hapa ndipo wengi wanapopitwa. Katika utafiti huohuo, paka waliolishwa chakula chenye nyama nyingi na kisicho na nafaka walipunguza mawindo ya kila aina waliyoleta nyumbani kwa asilimia 36. Soma orodha ya viambato: nyama itajwe kwanza, wala isiwe mahindi au soya. Badilisha chakula polepole kwa kuchanganya cha zamani na kipya, ili tumbo lisivurugike.

Ya nne ni fimbo ya kuchezea yenye kamba na manyoya, ambayo ni rahisi kuliko vyote hivi. Katika utafiti huohuo wa Exeter, kucheza na paka kwa dakika 5 hadi 10 kila siku kulipunguza mawindo kwa asilimia 25. Mwache anyatie, aruke na akamate kwelikweli, kisha fimbo uifungie kabatini, maana kamba ikimezwa huharibu utumbo.

Ya tano ni kipande bapa kinachoning'inia kifuani kutoka kwenye kola na kumzuia paka anaporuka. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007 nchini Australia, kilizuia asilimia 81 ya paka kukamata ndege. Nimekishusha hadi hapa, licha ya takwimu hiyo nzuri, kwa sababu kinazuia mwendo wa paka, na baadhi yao hawakizoei.

Kengele, inayonunuliwa kuliko kitu kingine chochote, inashika nafasi ya sita. Mtazame paka anaponyatia: tumbo linagusa nyasi, mabega yanapanda na kushuka kwa zamu, lakini kichwa na shingo havitikisiki, na kengele hukaa kimya mpaka anaporuka, wakati ambapo ndege hana nafasi tena. Majaribio ya miaka ya nyuma yaliipa kengele sifa, ila ule utafiti wa 2021 haukuona tofauti yoyote iliyo wazi. Kwa makinda ambayo hayajaweza kuruka, onyo la sauti halisaidii hata kidogo. Wakati wa kuangua, mfungie paka ndani alfajiri na jioni, jambo ambalo halihitaji kununua chochote.

Chombo cha kulishia chenye mafumbo, kinachomlazimu paka kutoa chakula kwenye vitundu, kisinunuliwe kwa lengo hili. Katika utafiti wa Exeter, nyumba zilizokitumia ziliona mawindo yakiongezeka kwa asilimia 33.