Shingo na kifua vilivyoharibiwa na jua: kipi ununue kwanza ukiwa Kigoma

Mtu akiingia famasi eneo la Mwanga na kuonyesha weusi wa shingoni, mara nyingi hutoka na tyubu ya kuondoa madoa. Pesa huanza kupotea hapo hapo, maana jua lililochora doa lile bado liko nje linamsubiri. Hapa tumepanga bidhaa kwa kuangalia kila shilingi inakurudishia nini. Bei zenyewe hatuziandiki kwa kuwa zinapanda na kushuka kila mzigo unapoingia, ila tutakuonyesha namna ya kukokotoa.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha ni jua

Simama mbele ya kioo, inua kidevu. Chini ya kidevu taya hutia kivuli mchana kutwa. Kama ngozi ya hapo ina rangi yako ya kawaida, na weusi au wekundu unaanzia chini yake hadi kukatika kwenye mstari wa shingo ya gauni au shati, jua ndilo mshukiwa wa kwanza. Anayejifunga mtandio mzito kila siku, kama akina mama wengi wa Ujiji, akipata mabaka shingoni atafute sababu nyingine.

Na sababu nyingine zipo. Mabaka mengi madogo yenye unga mwembamba ukiyakwangua kwa kucha, meupe au ya kahawia, kwa kawaida ni utangotango, yaani fangasi. Huo unatibiwa kwa shampuu ya ketokonazo asilimia 2: ipake kwenye ngozi, iache dakika 5, suuza, rudia hadi siku 5. Rangi huchelewa kurudi hata miezi kadhaa baada ya fangasi kufa, kwa hiyo usidhani dawa imegoma. Weusi mnene ulio laini kama mahameli kwenye mikunjo ya nyuma ya shingo si uchafu wala jua, na dodoki haliuondoi. Mara nyingi huambatana na unene au sukari kuwa juu, basi kapime sukari. Michirizi ya kahawia inayoshuka kama tone lililotiririka huletwa na marashi au pafyumu iliyopakwa shingoni kabla ya kutoka juani. Hamishia marashi kwenye nguo.

Kuna hali moja inayofanana sana na kuungua na jua na haifai kupuuzwa: pelagra, upungufu wa niasini, yaani vitamini B3. Ngozi hukakamaa, ikawa nyeusi na yenye magamba, ikizunguka shingo kama mkufu na kushuka kifuani. Mkufu huo unaitwa kwa jina la Gaspar Casal, daktari wa Hispania aliyeueleza karne ya 18. Humpata anayeishi kwa ugali wa mahindi bila mboga ya maana, mnywaji wa pombe asiyekula, na wakati mwingine anayetumia isoniazidi kwa ajili ya kifua kikuu. Ikiambatana na kuharisha au kuchanganyikiwa, nenda hospitali leo, famasi si mahali pake. Tena kagua dawa unazomeza: doksisaikilini, septrini na haidroklorothiazidi ya presha zote zinaweza kuifanya ngozi iungue haraka. Usiziache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia.

Namba 1: kitambaa

Watu hucheka wakisikia bidhaa ya kwanza ni nguo. Lakini nguo haiishi baada ya saa mbili, haitoki na jasho, na ukiinunua leo utaivaa mwaka mzima. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba hukinga kidogo kuliko unavyodhani, na ikiloa hukinga kidogo zaidi. Kitenge kizito cha rangi iliyokolea kinaizidi mbali. Kipimo cha dukani ni rahisi: kiinue kitambaa mbele ya taa au dirisha. Ukiona vidole vyako upande wa pili, jua nalo linakuona. Mitandio ya shifoni hufeli mtihani huu karibu yote.

Kwa anayeanika dagaa Kibirizi au kuuza nje siku nzima, mpe fundi cherehani kazi moja: blauzi yenye kola ya kusimama na vifungo hadi juu, au kipande cha kitenge cha kufunga shingoni kikashuka kifuani na kufunika kisogo. Kisogo ndicho huungua zaidi kwa anayefanya kazi ameinama. Kofia iwe na ukingo wa sentimita 7.5 au zaidi pande zote. Kapelo huacha shingo na masikio wazi. Kofia peke yake haitoshi, kwa kuwa mchanga mkavu hurudisha juu karibu asilimia 15 ya miale ya UV, ile ya jua isiyoonekana inayoharibu ngozi, na miale hiyo huingia chini ya ukingo.

Jambo moja la hapa kwetu ambalo miongozo ya kigeni haiwezi kukuambia: Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini inafuata saa zile zile za Dar es Salaam. Jua letu hufika juu kabisa karibu saa 7 mchana, si saa 6. Kwa hiyo saa mbaya ni kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri, na anayeona saa 8 "jua limeshapungua" anajidanganya. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jifunike. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita utosini kabisa.

Namba 2: losheni ya kukinga jua

Hapa ndipo watu hununua vibaya zaidi, basi tukae kidogo.

Tafuta mambo matatu kwenye chupa. SPF, yaani kipimo cha kinga dhidi ya miale inayounguza, iwe 30 au zaidi. 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza, 50 takriban 98, kwa hiyo usilipe maradufu kwa ajili ya namba kubwa. Pawepo alama ya kinga ya UVA: herufi UVA ndani ya duara, au PA yenye alama za kujumlisha tatu au nne, au maneno "broad spectrum". Miale ya UVA ndiyo inayokunja ngozi na kukoleza madoa, na SPF haiipimi ipasavyo. Tatu, kwa mvuvi na kila anayetoka jasho, iandikwe "water resistant" ikiwa na dakika 40 au 80.

Kwa ngozi nyeusi yenye madoa, ongeza la nne. Mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho nao hukoleza madoa, na losheni nyingi zisizo na rangi hazizuii mwanga huo. Zenye rangi ya kahawia iliyotokana na oksidi za chuma huzuia. Kwenye orodha ya viambato tafuta "iron oxides" au namba CI 77491, 77492 na 77499. Zaidi ya hapo, rangi hiyo huondoa ule weupe wa majivu ambao losheni za zinki huacha, na ambao huwafanya wengi waitupe chupa wiki ya kwanza.

Sasa kiasi. Shingo yote, kisogo, na eneo la V la kifua vinahitaji kama nusu kijiko cha chai, mililita 2.5 hivi. Paka dakika 15 hadi 20 kabla ya kutoka, rudia kila saa mbili ukiwa juani na kila ukijifuta jasho. Ukipaka mara mbili tu kwa siku umetumia mililita 5, yaani tyubu ya mililita 50 huisha siku ya kumi. Ikikaa kwako miezi mitatu, ujue hujawahi kupaka inavyotakiwa, na SPF 50 iliyopakwa kiduchu haina kinga ya 50. Ndiyo maana kitambaa kimekuwa namba 1: funika unachoweza, losheni ibaki kwa sehemu iliyo wazi.

Ukilinganisha chupa, gawanya bei kwa mililita. Tuseme tyubu ya mililita 50 ni shilingi 25,000: kila mililita ni 500. Chupa ya mililita 200 kwa 60,000: kila mililita 300. Chupa kubwa ya familia yenye alama zile tatu huishinda tyubu ndogo ya kifahari karibu kila mara. Vipodozi vya uso "vyenye SPF 15" usivihesabu.

Angalia tarehe ya mwisho na alama ya kopo lililofunguliwa, kwa mfano 12M, miezi kumi na miwili. Usinunue chupa iliyokaa kwenye meza juani au dirishani; kemikali za kinga huharibika kwa joto. Losheni iliyojitenga ikawa maji na mafuta imekwisha hata kama tarehe haijafika. Na kama unafulia maji ya kisima yenye chuma, losheni zenye avobenzoni (kiambato cha kukinga UVA) huacha madoa ya kutu kwenye kola nyeupe. Iache ikauke kabla ya kuvaa.

Mawese, mise (mafuta ya kokwa za mchikichi) na mafuta ya nazi hulainisha ngozi lakini si kinga ya jua. Vaselini nayo ni hivyo hivyo.

Kwa mwenye ualbino, namba 1 na namba 2 ndizo matibabu yenyewe. Kuna losheni ya Kilisun inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino, nayo hugawiwa bure. Ulizia hospitalini au kwenye chama cha watu wenye ualbino kabla ya kununua ya dukani. Kidonda au gamba gumu shingoni lisilopona wiki nne lisipakwe chochote cha kubahatisha. Nenda hospitali ya Maweni, uombe rufaa ya daktari wa ngozi. Kanuni hiyo inamhusu kila mtu mwenye doa linalokua, linalotoka damu au lenye rangi zaidi ya moja.

Namba 3: cha kulainisha

Kifua kina tezi chache za mafuta kuliko uso, hukauka upesi. Vaselini isiyo na manukato au losheni yenye gliserini, usiku, juu ya ngozi yenye unyevu. Nafuu kuliko vyote na hakuna haja ya jina kubwa.

Namba 4: asidi ya azelaiki, asilimia 15 hadi 20

Katika tyubu zote za madoa, hii ndiyo tungeinunua kwanza kwa ngozi nyeusi. Hufifisha weusi polepole, haichubui ngozi nzima, na mjamzito kwa kawaida anaruhusiwa kuitumia. Huwasha wiki za mwanzo. Anza mara moja kwa siku, ongeza hadi mbili, subiri wiki 12 hadi 16. Isipopatikana hapa huagizwa Mwanza au Dar. Mwambie mtumaji asiuweke mzigo kwenye buti la basi linalounguza. Ukiikosa kabisa, niasinamaidi ya asilimia 4 au 5 ni mbadala mpole na wa polepole zaidi.

Namba 5: adapalini au tretinoini

Kwa mikunjo na ngozi inayokwaruza ukiigusa, kundi hili la krimu za jamii ya vitamini A ndilo lenye ushahidi mzito. Ila shingo hukasirika haraka kuliko uso, na kwenye ngozi nyeusi kila muwasho huacha doa jipya. Anza na adapalini asilimia 0.1, au tretinoini 0.025 kwa cheti cha daktari. Kiasi cha punje ya njegere kwa shingo nzima, usiku mbili kwa wiki, losheni ya kulainisha kabla na baada. Baada ya mwezi, kama hakuna kuchubuka, ongeza usiku mmoja. Matokeo ni miezi mitatu hadi sita. Mjamzito na anayetafuta ujauzito wasiguse.

Zilizobaki nyuma

Seramu ya vitamini C ni nzuri kwenye maabara. Kwenye joto letu hugeuka kahawia kabla haijafika nusu, na ikishageuka umelipia maji ya rangi. Asidi ya laktiki au glikoliki hadi asilimia 10 hung'arisha lakini huifanya ngozi iungue upesi, kwa hiyo asiyeweza kufuata namba 2 aiache. Kuchubua kwa asidi kali na mashine za mwanga tumeziweka mwisho kwa makusudi: kifua ni mahali ambapo makovu ya kuvimba, keloidi, huota kirahisi sana, na mashine za mwanga zilizopangwa kwa ngozi nyeupe huunguza ngozi nyeusi. Limau na baking soda hazina nafasi kabisa. Limau likikutana na jua huunguza hadi malengelenge.

Usinunue hata ukipunguziwa

Mkorogo wa kopo lisilo na lebo, na krimu zinazovuka ziwa au mpaka bila jina la mtengenezaji wala namba ya toleo. Soma viambato: "clobetasol" na "betamethasone" ni steroidi, zikipakwa kifuani muda mrefu huacha michirizi isiyofutika na ngozi nyembamba inayoonyesha mishipa. "Hydroquinone" ina matumizi mikononi mwa daktari kwa muda mfupi. Ikitumiwa kiholela juani huleta weusi wa bluu usiotoka. "Mercury", "calomel" au "Hg" ni zebaki, huharibu figo. Aliyetumia steroidi kwa miezi asiache ghafla peke yake, ngozi hulipuka, daktari atampunguzia.

Piga picha ya shingo dirishani, saa ile ile, kila baada ya wiki nne, kwa sababu jicho husahau. Wiki 16 zikipita bila tofauti, usirundike tyubu ya pili juu ya ya kwanza. Nenda kwa daktari wa ngozi ukiwa umebeba kila ulichopaka, pamoja na lile kopo unaloona haya kulitoa.