Barakoa ipi ya kununua Mwanza, chuo kikishalegeza masharti

Chuo kikiacha kulazimisha barakoa za kujikinga na UVIKO-19, kazi ya barakoa inabadilika. Wote wakivaa, hata kitambaa chepesi kinasaidia, kwa kuwa kinanasa matone pale pale yanapotoka. Ukibaki umevaa peke yako kwenye ukumbi wa mihadhara uliojaa, iliyo usoni mwako ndiyo inabidi ichuje hewa unayovuta. Kwa kigezo hicho, hizi ndizo aina tatu zinazouzwa Mwanza, kuanzia kwa wamachinga wa stendi ya Nyegezi hadi maduka ya dawa ya jirani na hospitali ya Bugando.

Ya kitenge inapendeza, lakini ndiyo dhaifu kuliko zote. Nyingi zina matabaka mawili ya pamba basi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Juni 2020 ulitaka matatu: la ndani pamba inayofyonza unyevu, la kati polipropilini, la nje kitambaa kisichonywa maji, kama poliesta. Fundi cherehani anaweza kukushonea hiyo ukimpelekea vitambaa; cha kati kata kwenye mfuko mbadala usiotumika, ule uliochukua nafasi ya rambo tangu katazo la 2019. Mwambie asipitishe mshono katikati ya pua na mdomo, maana kila tundu la sindano ni njia ya hewa. Ikishashonwa, ivae upulize kiberiti kinachowaka: kikizimika kwa urahisi, kitambaa ni chepesi mno. Ifue kila siku kwa sabuni na maji ya moto. (Wamachinga watakuruhusu uijaribu usoni kabla ya kulipa. Usithubutu, aliyekutangulia naye aliijaribu.)

Zile za bluu za kutupa zinachuja vizuri zaidi, ila hazikai vizuri. Pengo la mashavuni ndilo linaloziangusha: hewa hupita palipo rahisi, kwa hiyo kichujio kinabaki pambo. Dawa yake haina gharama. Kunja barakoa katikati kwa urefu, funga fundo kwenye kila kamba ya sikio karibu kabisa na ukingo, kisha ikunjue na kuchomeka ndani ile mikunjo inayobinuka pembeni. Upande wa rangi ukae nje, waya juu, ubanwe kwa vidole viwili kufuata pua. Miwani ikiendelea kupata ukungu, waya haujabana.

Nunua boksi lililofungwa la 50, mgawane chumbani; za rejareja zimeshashikwa na mikono mingi. Kata moja kwa mkasi uhesabu matabaka. Ukikuta mawili, au la kati ni sawa na la nje, umeuziwa kitambaa tu. Usizifue wala kuzipulizia spiriti: tabaka la kati hunasa chembe kwa chaji ya umeme tuli, na sabuni au spiriti huiua chaji hiyo. Kwa nje itaonekana nzima, kumbe haifanyi kazi. Ikilowa jasho baada ya kutembea juani kutoka kituo cha daladala, badilisha.

KN95, barakoa ya kuchuja hewa ya kiwango cha China, ndiyo ya kununua. Bei ya moja inauma, lakini sasa huhitaji barakoa kutwa nzima: vaa maabara, maktaba yenye madirisha yaliyofungwa, zahanati na ndani ya daladala. Uwanjani na kwenye vimbweta vya nje iache mfukoni. Mbili au tatu za kupokezana zinatosha, kila moja kwenye bahasha yake ya kaki. Mfuko wa nailoni unatunza unyevu, usiutumie. Ikilegea kamba au kuchafuka, itupe.

Tazama chapa GB2626-2019, yaani namba ya kiwango hicho cha China, kwenye barakoa yenyewe, ingawa maandishi peke yake hayatoshi, kwani wachakachuaji nao wana mashine za kuchapa. Ukiuziwa "N95", ile ya kiwango cha Marekani, yenye kamba za masikio na nembo ya NIOSH, taasisi ya huko inayoziidhinisha, achana nayo. Zilizoidhinishwa huko Marekani hufungwa nyuma ya kichwa. Yenye vali inakulinda wewe, lakini pumzi yako inatoka bila kuchujwa, hivyo haifai kuingia nayo zahanati. Ndevu nene nazo huharibu mbano. Usivae KN95 juu ya barakoa nyingine ukidhani unaongeza kinga: itakaa vibaya zaidi.

Kasoro yake kubwa kwa mwanafunzi ni sauti. Siku ya kuwasilisha kazi darasani omba kipaza sauti, usiishushe kidevuni. Kila ukiishusha na kuipandisha, waya unapinda na ule mbano uliolipia unapotea.