E220 CDI ya dizeli au E250 CGI ya petroli?

Wapenzi wa Mercedes W212, toleo mojawapo la E-Class, hawachoki kubishania hili. Kwenye makaratasi petroli iko mbele: farasi 204 dhidi ya 170. Lakini toka nayo Mombasa kwenda Nairobi, watu watano ndani na buti imejaa. Dizeli inavuta kwa nyutoni mita 400, petroli 310, na ukitaka kulipita lori mlimani unaisikia tofauti hiyo mgongoni. Kwa unywaji wa mafuta pia, dizeli haina mpinzani hapo.

Matunzo ndiyo yanayogeuza hesabu. Kichujio cha masizi cha dizeli hujisafisha kwa kuyachoma, na hilo linahitaji ekzosi ipate moto wa kutosha. Safari za kilomita tatu kupeleka watoto shule zinakiziba. Ukizima gari ukasikia feni bado inavuma kwa nguvu, huenda umekikatiza kazini. Siku nyingine endelea kuendesha dakika chache kabla ya kuegesha. Nozeli zake nazo ni ghali, kwa hiyo jaza mafuta kituo unachokiamini. Petroli ukiipa plagi na oili kwa wakati, foleni haiisumbui sana.

Yoyote utakayochukua, nunua mati za raba zenye kingo na kifaa kidogo cha kusoma hitilafu. Wa barabara kuu kila wiki, ningemshauri dizeli bila kusita. Wa mjini tu, petroli.