Kuongeza nishani zilizosahauliwa kwenye DD 214 (cheti cha kuachishwa jeshi la Marekani) ukiwa Nakuru: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, maana wengine mtasoma mistari mitatu na kufunga. Huduma ya kusahihisha kumbukumbu za jeshi la Marekani ni ya bure, inafanya kazi, na mtu aliye Nakuru, Kisumu au Kakamega anaweza kuimaliza bila kupanda ndege wala kulipa wakili. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imeliwa na muda, pamoja na fomu zinazodhani kila mtu anaishi Ohio.

Haya yanawahusu wenzetu waliovaa gwanda la Marekani, wakiwemo walioingia kwa mpango wa MAVNI (wa kuandikisha wageni wenye lugha au ujuzi uliohitajika), ambao Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zake. Wajane na watoto wao pia yanawahusu. Wajukuu wa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) waliopigana Burma, poleni: kumbukumbu za babu zenu ni za Uingereza na njia hii haifiki huko.

Kabla ya kulalamika, soma cheti chako chote. Nishani hukaa kisanduku cha 13 cha DD 214. Ni kisanduku kidogo, na kikijaa, orodha huendelea katika kisanduku cha 18, kile cha maelezo, chini ya maneno CONT FROM BLOCK 13. Majina hutenganishwa kwa mikwaju miwili, hivi //, na mwisho huandikwa NOTHING FOLLOWS. Niliketi saiba na mwenzangu wa Kisumu aliyekuwa amekwisha kuandika kurasa mbili za malalamiko kuhusu Good Conduct Medal yake, kumbe imejibanza kisanduku cha 18, mstari wa tatu. Hakikisha pia unasoma nakala inayoitwa Member-4. Ile ya Member-1 haina sehemu ya chini inayoonyesha aina ya kuachishwa na sababu yake, na ofisi nyingi huikataa. Kama ulikuwa National Guard, jeshi la akiba la jimbo, kipindi cha Guard kina cheti chake, NGB 22, nacho hutunzwa na jimbo ulilotumikia. Usitafute ya huko katika DD 214.

Sasa panga kilichokosekana katika mafungu mawili, kwa sababu ushahidi wake haufanani. Fungu la kwanza ni nishani zinazotokana na tarehe na mahali: National Defense Service Medal, Global War on Terrorism (GWOT) Service Medal, Army Service Ribbon, Overseas Service Ribbon na medali za kampeni. Hizi hazihitaji afisa aliyekupenda. Ukionyesha ulikuwa wapi na lini, zimekuja. Iraq Campaign Medal, kwa mfano, inataka siku 30 mfululizo au siku 60 za vipande vipande ndani ya eneo husika, kati ya Machi 19, 2003 na Desemba 31, 2011. Ushahidi wake mzuri uko kwenye kisanduku cha 18 chenyewe, panapoandikwa ulitumikia nchi gani kutoka tarehe gani hadi gani. Pasipo hapo, tafuta amri za safari, au zile hati za mshahara za kila mwezi, LES, zinazoonyesha malipo ya eneo la hatari na msamaha wa kodi. Watu huzitupa LES. Zitafute kwenye barua pepe za zamani kabla hujasema huna kitu.

Hapa kuna kosa dogo ambalo makarani hulifanya sana: medali ya kampeni ipo, nyota hazipo. Kila awamu ya kampeni uliyoshiriki hata kwa siku moja, ukishastahili medali, inakupa nyota ya shaba juu ya utepe. Aliyeingia Iraki Oktoba 2008 na kutoka Oktoba 2009 amekanyaga awamu mbili: Iraqi Surge, iliyoisha Desemba 31, 2008, na Iraqi Sovereignty, iliyoanza kesho yake. Kisanduku cha 13 kinapaswa kusema nyota mbili. Kikisema moja au kunyamaza, una kesi, tena rahisi.

Angalia jambo moja lakini. Kipindi kilekile hakiwezi kuzaa medali mbili za kampeni. Waliotumikia Iraki au Afghanistan miaka ya mwanzo walipewa GWOT Expeditionary Medal, na wengine wanayo hadi leo. Ukiomba Iraq Campaign Medal kwa safari ileile, ile ya kwanza itaondolewa. Amua unaitaka ipi kabla hujatia saini.

Fungu la pili ndilo lenye jasho: nishani zinazotolewa kwa amri ya kamanda, kama Army Achievement Medal, Army Commendation Medal na Combat Action Badge. Hapa watu wengi hutuma karatasi isiyothibitisha kitu. Kwa hizo medali mbili, fomu ya mapendekezo ni DA 638. Kurasa zake za mwanzo zimejaa sifa zako, sajenti ameandika vizuri, unasoma unatabasamu. Hizo ni ombi tu. Nenda sehemu ya mwisho, palipo na saini ya afisa aliyeidhinisha, tarehe, na namba ya amri ya kudumu. Namba hiyo huwa na sura kama 142-03: siku ya 142 ya mwaka, yaani Mei 22 kwa mwaka wa siku 365, amri ya tatu siku hiyo. Kama mahali pa namba ni peupe, unachoshika ni mapendekezo ambayo huenda yaliishia kwenye meza ya mtu. Kama hiyo fomu huna, shusha fremu ukutani usome cheti chako chini pembeni, kwani mara nyingi namba ya amri imechapwa hapo kwa herufi ndogo. ERB, ule muhtasari wa kumbukumbu wa ukurasa mmoja, husaidia kuunga mkono, ila peke yake haukufikishi.

Combat Action Badge iliidhinishwa Mei 2, 2005 na inarudi nyuma hadi Septemba 18, 2001. Kwa hiyo waliokuwa vitani kabla ya beji yenyewe kuwepo wanaweza kuidai. Lakini kuwa eneo la vita hakutoshi. Lazima uonyeshe ulishambulia adui au ulishambuliwa naye, siku gani, wapi. Maelezo ya mashahidi yawe na tarehe na mahali na yatiwe saini. "Tulikuwa pamoja na alikuwa jasiri" haimsaidii mtu.

Milango ni mitatu, na watu wanakosea kwa kubisha wa mwisho kwanza.

Mlango wa kwanza ni National Personnel Records Center, St. Louis, Missouri. Unaomba kwa mtandao kupitia eVetRecs au kwa fomu SF 180. Omba DD 214 isiyofutwa kitu pamoja na faili lote la utumishi, si DD 214 peke yake, kwa sababu ile amri unayoitafuta huenda iko humo na aliyekuandalia cheti siku ya kutoka hakuiona. Katika fomu hiyohiyo unaweza kuomba medali, ukitaja kila moja kwa jina lake kamili. Kwa Army, yaani jeshi la nchi kavu, kituo hicho hukagua faili, na kesi yenye utata huenda Human Resources Command, Fort Knox, Kentucky.

Mlango wa pili ni marekebisho ya kiofisi. Kama ushahidi uko wazi, amri ipo, tarehe zipo, unaomba tawi lako la jeshi litoe DD 215, karatasi ya kurekebisha DD 214. Hapa ndipo kesi nyingi za nishani zinapaswa kuishia. Barua yako iwe ukurasa mmoja: jina, namba ya Social Security, tarehe za utumishi, kisha nishani moja kwa kila mstari na kiambatisho kinachoithibitisha. Niliwahi kuona barua ya kurasa sita iliyoanza na utoto kijijini. Karani anatafuta namba ya amri, mwonee huruma.

Mlango wa tatu ni DD 149, fomu ya ombi kwa bodi ya kusahihisha kumbukumbu. Bodi inataka uonyeshe kwamba milango mingine umeibisha, kwa hiyo ambatisha barua za majibu uliyopewa. Muda ni miaka mitatu tangu ugundue kosa, ila bodi inaweza kusamehe uchelewaji kwa maslahi ya haki. Eleza ulivyochelewa kwa sentensi mbili, usiache pengo. Bodi haifanyi upelelezi. Inaanza kwa kuamini kwamba jeshi lilifanya sawa, na mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wako. Kisheria asilimia 90 ya kesi zinapaswa kumalizika ndani ya miezi 10 na hakuna inayopaswa kuvuka miezi 18. Panga maisha yako kwa hiyo 18. Kitu kimoja kilichonifurahisha kuhusu bodi ya Army: mchambuzi anayeandaa faili hukagua kisanduku cha 13 chote, na akiona nishani nyingine za fungu la kwanza zimeachwa, huziingiza kama marekebisho ya kiofisi hata kama kile ulichoomba kimekataliwa. Soma uamuzi wako hadi mwisho, usiishie kwenye neno la kukataliwa.

Kama hukuwahi kupendekezwa kabisa na muda umepita, hilo si kosa la kumbukumbu. Linapitia kwa mbunge wa Congress, chini ya kifungu cha 1130 cha sheria za jeshi lao.

Na ukiambiwa faili lako liliungua, uliza. Moto wa St. Louis ulikuwa Julai 12, 1973, na kwa upande wa Army uligusa walioachishwa kabla ya Januari 1, 1960. Aliyetoka 2011 hauhusiki naye hata kidogo, ingawa kuna mawakala mitandaoni wanaotoza hela kwa hadithi hiyohiyo.

Sasa mambo ya kwetu. Fomu za Marekani zimepimwa kwa karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279, na saiba zetu zina A4, 210 kwa 297. Ukichapa bila kubadilisha kitu, milimita sita za pembeni zinaweza kuliwa, na katika SF 180 herufi za mwisho za mstari hupotea. Mwambie kijana wa saiba achague kutoshea ukurasa, kisha kagua kingo zote kabla ya kulipa. Skana kwa 300 dpi, rangi nyeusi na nyeupe. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono wako itarudishwa.

Tarehe ni mtego mwingine. Sisi tunaanza na siku, wao wanaanza na mwezi, na DD 214 yenyewe huandika mwaka, mwezi, siku bila kituo: 20081015. Ukiandika 04/07 ukimaanisha tarehe nne Julai, wao wanasoma Aprili saba, na safari yako haitalingana na amri. Mimi huandika mwezi kwa jina.

Jina liwe lile la DD 214, herufi kwa herufi, jina la ukoo kwanza. Kitambulisho chako cha Kenya kikiwa na majina matatu kwa mpangilio mwingine, au kama ulibadilisha jina ulipoapishwa kuwa raia wa Marekani, andika la jeshini kwenye fomu na uambatishe hati ya mabadiliko. Mjane aweke cheti cha kifo na cha ndoa. Ndoa ya kimila isiyosajiliwa inaleta maswali.

Hatua ya kuthibitisha utambulisho mtandaoni ilinigomea kwa laini ya +254. Hakuna haja ya kubishana nayo. Chapa fomu, tia saini ya kalamu, tuma kwa posta. SF 180 haihitaji wakili wala muhuri wa kiapo, saini yako chini ya onyo la kusema uongo inatosha, kwa hiyo aliyekutuma Gigiri, kwenye ubalozi wa Marekani, kutafuta muhuri amekupotezea nauli. Kwa anwani ya kurudishia, sanduku la posta pamoja na msimbo, 20100 Nakuru au 40100 Kisumu, linatosha kwa barua. Mtu wa kuleta vifurushi mlangoni hawezi kukabidhi kitu kwa sanduku; mpe jina la jengo na simu. Kwa medali, kama una ndugu wa kuaminika kule Marekani, tumia anwani yake.

Ukitaka kupiga simu St. Louis, wanafungua saa moja asubuhi kwao, ambayo ni saa tisa alasiri kwetu wakati wa majira yao ya joto, na saa kumi wakati wa baridi. Piga dakika hizo za kwanza, kabla ya foleni. Kuwa na namba ya ombi mkononi.

DD 215 ikifika usishangae kwamba DD 214 haikuchapwa upya. DD 215 ni karatasi ya nyongeza inayotaja kisanduku namba ngapi kimebadilishwa na kinasomekaje sasa. Zitoe nakala pamoja kila mara. Medali za Army hutoka Philadelphia baada ya St. Louis kuthibitisha, nazo huja kivyake, kwa hiyo karatasi na kisanduku cha medali havitafika siku moja. Army Service Ribbon na Overseas Service Ribbon ni utepe tu, hazina medali ya kuning'iniza, kwa hiyo ukifungua kifurushi ukazikuta bila shaba chini yake, hakuna aliyekuibia njiani.