Seti ya leza ya kujiundia, naipa nyota tatu

Nina wiki tatu na hii seti ya kujiundia mashine ya kuchonga na kukata kwa leza, ina leza ya bluu ya wati 5, Arduino Uno (bodi ndogo inayoongoza mashine), CNC Shield V3 (bodi inayochomekwa juu yake), draiva za A4988 za kuendesha mota na mota mbili za NEMA 17, fremu nilikatiwa aluminiamu na fundi madirisha wa mtaani. Vifaa viko poa, tatizo ni maelekezo, kikaratasi kimoja tu na chenyewe kimekosea!! Eti waya wa PWM (unaoiambia leza iwake kwa nguvu kiasi gani) uende pini ya SpnEn, nikachomeka, leza haisikii amri, siku mbili nafungua nafunga nikajua nimeshaiunguza, kumbe GRBL 1.1 (programu iliyo ndani ya Arduino) inatoa PWM kwenye pini 11 ambayo kwenye shield imeandikwa Z ya endstop (swichi ya mwisho wa mwendo). Kuhamisha tu waya ikatii, nikacheka peke yangu kama chizi.

Halafu mraba wa mm 50 ukataka kutoka mm 156 😂 maana GRBL inakuja na hatua 250 za mota kwa mm, na mimi mkanda wangu wa GT2 na puli ya meno 20 unataka 80, kwa hiyo badilisha $100 na $101 (mipangilio ya hatua za X na Y). Pia weka $32=1 (hali ya leza) na utumie M4 (amri inayopunguza nguvu ya leza mwendo ukipungua), la sivyo kona zinaungua.

Plaiwudi ya mm 3 inakata ukirudia, akriliki ya uwazi sahau, mwanga wa bluu unapita tu. PVC usiguse, moshi wake ni sumu. Miwani waliyotuma siiamini, nimenunua nyingine.